Kikombe Nilichokiweka Mkekani

Ibra,
Jumatatu, 24 Juni 1996

Dada yangu Tamima,

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Nadhir, mzima wa mwili, na habari za roho nitakupa huko mbele. Natumai barua hii itakukuta goti limepoa na wajukuu wamekuachia angalau mchana wa kulala. Sisi huku joto limetukaba koo. Tende za mwanzo zimeanza kuiva na hata paka hatoki kivulini mpaka alasiri. Watoto hawajambo wote. Jumana kafaulu mitihani yake Nizwa na anakuamkia, anauliza kanga zake zitafika lini.

Dada, najua wifi yako Hamda amekupigia simu. Najua kwa sababu kanambia mwenyewe, tena kwa kujivuna, kuwa alikupigia kwa yule jirani yako mwenye duka na akalia dakika saba nzima. Najua pia alilokwambia: kwamba mimi, kwa miaka yangu arobaini na tisa na mguu wangu wa kuburura, nimekwenda jangwani kuposa mke wa pili, mjane wa kibedui. Wallahi si kweli. Lakini ungeniuliza basi kweli ni ipi, mpaka wiki iliyopita nisingekuwa na jibu. Kuna mzee wa kibedui alinipa kitu mbele ya watu, nami nikakipokea na nikashukuru, na sikujua nimepewa nini.

Nitakueleza kwa mpango, ingawa unanijua, mpango na mimi hatujapata kulala chumba kimoja.

Kazi yangu unaijua. Mimi si daktari wa wanyama, ingawa marehemu Mama aliwaambia hivyo mtaa mzima wa Malindi kwetu Zanzibar. Mimi ni msaidizi. Nazunguka na gari la ofisi na sanduku la dawa, leo mbuzi wa kijiji cha Samad, kesho ngamia wa Bidiya, na mwenzangu katika safari hizo ni Abdullatif, mwenyeji wa hapa hapa Ibra, ambaye kanizidi miaka minane na hanisahaulishi hata siku moja. Mwezi wa pili, Idi imepita siku chache tu, ofisi ilipata ujumbe kutoka kwa mzee mmoja aitwaye Ghaith, mbedui wa kule michangani. Alikuwa na ndama wa ngamia asiye na mama. Mama yake, ngamia wa maziwa aliyeitwa Samha, aligongwa na gari barabarani mwezi wa Ramadhani. Ndama hanyonyi kwa mwingine, anakufa. Mzee alitaka mtu wa kumsaidia, na alisema hataki mtu yeyote, anamtaka yule wa Zanzibar. Nilishangaa habari zangu kazipatia wapi.

Tukaenda. Nilimfundisha bintiye, Ghaniya, kuchanganya maziwa ya mbuzi na dawa na kumnywesha ndama kwa chupa. Huyu Ghaniya ndiye mjane wako uliyehadithiwa. Uso wake sijauona mpaka leo, anavaa barakoa kama wanawake wote wa huko, na nikikutana naye sokoni bila ndama simjui. Tangu siku ile nikawa nakwenda kila Jumatano. Ndama akasimama, akanenepa, akafika hadi ya kunifuata nyuma na kunitafuna mkono wa kanzu. Na kila Jumatano mzee Ghaith alinikaribisha kahawa.

Sasa sikiliza habari ya kahawa, maana balaa lote liko humo.

Joto likianza, mzee huhama michangani na kuja kukaa ukingoni mwa mashamba ya mitende, ndani ya banda la makuti, mpaka tende zivunwe. Jumatano ya wiki tatu nyuma tulifika pale gari likapata pancha hatua chache kabla ya banda. Abdullatif akabaki na jeki, akanambia nitangulie nisiwaweke watu. Nikaingia peke yangu. Alikuwemo mzee, wanawe wawili, na majirani kama watano hivi. Mwanawe mkubwa anaitwa Thuwaini. Huyu tangu siku ya kwanza hakuwahi kunipa mkono wala kunywa kahawa mimi nikiwepo. Nilisema labda ndiyo tabia yake, watu hawafanani.

Mzee akachukua dele la kahawa mwenyewe, akanimiminia, akanipa. Dada, unakumbuka Mama alivyotulea. Mtoto wa watu hatii kikombe mdomoni kabla ya mkubwa wa nyumba. Hukupigwa kofi la mgongo wewe kwa chai ya shangazi Bi Zuwena, mpaka ikakutoka puani? Basi mimi nikamngoja mzee anywe. Hana kikombe. Nikaona nikikaa nimekishika hivi nitaonekana nina pupa, nikakiweka mkekani mbele ya magoti yangu, taratibu, kwa adabu zangu zote, nikalaza mikono mapajani, nikangoja.

Wote wakanigeukia. Nilimsikia ndama akilia nje. Mzee akanitazama, akanitazama sana, nami kwa adabu nikainamisha macho. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, ninywe kahawa yangu, kwani nilichokijia nimekipata, kimetoka kwake na kwa wanawe wote. Mimi nilichokijia ilikuwa kumpiga ndama sindano. Nikasema Mungu akuzidishie, nikanywa. Majirani wakaanza kumsifu mzee na kumwombea dua, mmoja akanibusu bega, na Thuwaini akasimama akatoka nje bila kuaga. Abdullatif aliingia anajifuta grisi mikononi akatukuta katika hali hiyo, akanitazama kama mtu aliyeondoka arusini kidogo akarudi akakuta matanga.

Garini nilimsimulia. Alisimamisha gari katikati ya barabara. Akaniuliza nimeomba nini. Nikamwambia sikuomba kitu. Akanambia hakuna hicho. Akanieleza kuwa kwa mabedui mgeni ndiye anayeanza kunywa, mwenyeji hanywi mpaka mgeni aanze. Mgeni akikiweka kikombe chini hajakionja, maana yake ana haja nzito, na hatakunywa mpaka atimiziwe. Mwenyeji akimwambia kunywa, basi keshampa, liwalo na liwe, na mashahidi wapo. Kumbe mimi namngoja yeye, na yeye ananingoja mimi!

Miaka ishirini na miwili niko nchi hii. Nimejifunza kutikisa kikombe nikitosheka, nimejifunza kukaa bila kuonyesha watu nyayo, hili hakuna aliyenifunza. Na nitalijua vipi, ilhali sikuzote tupo wawili, Abdullatif mkubwa wangu ndiye anayepewa mwanzo, anakunywa, nami namfuata? Nikasema basi turudi nikamwambie mzee nimekosea. Abdullatif akanikataza katakata. Neno la mbedui likishatoka halirudi, akasema, na ukenda kumwambia hukuomba utamfanya kichekesho cha mahema yote kutoka hapa mpaka Sur. Tulia nyumbani, ulichopewa kitakuja chenyewe mlangoni.

Kwa hiyo nikakaa nyumbani kungoja kitu nisichokijua. Umewahi kuona mambo kama haya, dada?

Nikafanya kosa la pili: nikamsimulia Hamda huku nacheka. Hamda hakucheka. Aliniuliza nyumba ile ina nani na nani. Nikaanza kuwataja, na nilipofika kwa Ghaniya nilihisi mwenyewe kuwa ulimi umeteleza. Akanambia lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Akanikumbusha kuwa kila Jumatano nachana ndevu, jambo ambalo nililifanya kweli lakini wallahi sijui kwa nini. Akahamia chumba cha Jumana na mto wake, na mimi nikawa naletewa wali usio chumvi. Halafu Ijumaa ile, mlango ukabishwa, jamaa wa mzee kaleta kopo la samli na kamba nzuri ya manyoya ya kumfungia ngamia, nyekundu na nyeusi, na kwa ukarimu wake akaeleza kuwa imesukwa na Ghaniya mwenyewe. Ndipo Hamda alipokupigia simu.

Nami, dada, nikachanganyikiwa kwelikweli. Nililala nikihesabu. Labda nimepewa ndama. Labda wamedhani nataka kiwanja. Kuna usiku nilijiuliza labda kweli nimeposa bila kujijua, na nikaanza kumtungia Ghaniya maneno ya kumkataa kwa heshima. Nilimtazama Abdullatif anipe jibu, yeye anatazama barabara.

Sasa kama umesimama, kaa. Nimekuwa nikiandika sijui, sijui, kana kwamba mimi ni mtoto wa juzi. Kweli sikujua. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho ningeweza kumwomba mzee yule, na kila nilipohesabu nilikiruka. Hamda nilimficha, Abdullatif nilimficha, na wewe nimekuficha miezi minne ya barua.

Aliyemgonga Samha ni mimi.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne Ramadhani, jua linakaribia kuzama. Abdullatif alikuwa kakaa itikafu, nilikuwa narudi peke yangu kutoka Bidiya, jua liko usoni na mimi naiwahi futari. Alitokea upande wa migunga, sikumwona mpaka nilipomsikia. Kumgonga ni ajali, watu huku wanagonga ngamia kila mwaka na hakuna anayewaita wabaya. Ubaya wangu ni wa baadaye. Niliteremka. Alikuwa hai, kavunjika mgongo, hawezi kunyanyuka. Kisu kilikuwemo sandukuni. Mimi, dada, ambaye mshahara wangu wote ni wa kuwapunguzia wanyama maumivu! Kumchinja ni dakika moja, na ilikuwa haki yake. Nilichutama kichwani pake, akanitazama. Ndama kasimama pembeni, hatua kumi. Nikaogopa. Nikawaza gari la serikali, nikawaza wenye ngamia watanikuta na damu mikononi, nikajiambia magharibi inaingia na watu wako karibu watamwona. Nikarudi garini nikaenda zangu. Nyumbani nilifuturu kwa tende mbili, Hamda akaniuliza kwa nini sigusi sambusa. Ule mbonyeo wa gari nilisema ofisini nimejibamiza kwenye nguzo.

Baadaye Ghaniya alinihadithia, siku moja tunamnywesha ndama, kwamba walimkuta Samha alfajiri na bado anapumua. Nilitazama chupa. Niliuliza kama ndama anakunywa vizuri.

Sasa unajua kwa nini nilikwenda kila Jumatano, na labda hata kwa nini nilichana ndevu.

Alhamisi iliyopita nilishindwa na kungoja, nikaenda kwa mzee peke yangu, kwa gari la kukodi. Nilikusudia kumuuliza tu, kwa upole, kitu alichonipa ni kipi. Nilipomuuliza alitabasamu, nadhani aliona nataka nilisikie kwa kinywa chake. Akachukua bakora, akanitoa nje kwenye mchanga, akanambia nitembee mpaka zizini na nirudi. Nikatembea. Akanyoosha bakora kwenye alama zangu: mguu wa kulia umekanyaga, wa kushoto umeburura. Akasema mguu huu anaujua tangu Ramadhani.

Dada, ni mguu ule ule ulionivunjikia kwa mjomba kule Wete, nilipoanguka mkarafuuni na wewe ukanibeba mgongoni mpaka barabarani. Nani angedhani ungefika huku kunisengenya kwa mabedui?

Akanieleza yote, na kwa kweli mimi niliyekuwepo nisingeweza kueleza vile. Alfajiri ile walipomkuta Samha alisoma mchanga wa kando ya barabara bila kukwama: gari limesimama wapi, na kuwa magurudumu ni ya lile la ofisi ya mifugo, mtu kateremka upande gani, mtu huyo anaburura mguu wa kushoto, kamzunguka mnyama mara mbili, kachutama kichwani, kasimama kumtazama ndama mpaka visigino vikazama, kisha karudi garini mbio. Thuwaini alitaka wende polisi siku ile ile, kwani kumtafuta mtu wa ofisi anayechechemea si kazi. Mzee akakataa. Alisema mtu aliyechutama kichwani kwa mnyama hajafa moyo, atakuja, ila mwenye haya huhitaji kufunguliwa njia. Ndipo akatuma ujumbe ofisini kumtaka yule wa Zanzibar. Ndipo kila Jumatano akanimiminia kahawa, akaniangalia nikinywa, akangoja. Hata ile hadithi ya Ghaniya yeye ndiye aliyemwambia anisimulie. Miezi minne, dada. Na Jumatano ile, nilipokiweka kikombe mkekani mbele ya majirani, alimshukuru Mungu moyoni, akasema mtu wake kaja. Akanipa nilichokijia, yaani msamaha, wa kumgonga na wa kumwacha. Ile samli na kamba zilikuwa alama tu kuwa hakuna kinyongo.

Nililia. Nilimbusu kichwa, na sijui nilisema nini, Kiarabu chote kilinitoka, nadhani nilisema samahani kwa Kiswahili. Thuwaini alikuja kutoka zizini akanipa mkono, mara ya kwanza. Akanambia alikuwa kaapa hatanipa mkono wala kunywa nami mpaka niombe mwenyewe, na siku ile alitoka nje kwa kuwa machozi yalimshika mbele ya watu. Sote tukarudi ndani tukanywa.

Ukinambia basi hadithi imekwisha, alhamdulillahi, na Hamda arudi chumbani kwake, nitakwambia ndiyo kwanza nimepotea. Kwa sababu mimi sikuomba! Nilikuwa namngoja anywe. Nilikuwa nafuata adabu za Mama. Mzee kanienezea sifa kila hema, kuwa mtazameni mtu wa Zanzibar, si mbedui, hakuzaliwa mchangani, lakini kaja kwa miguu yake kakiweka kikombe. Nami pale nje kwenye mchanga nilikuwa na nafasi ya kumwambia mzee wangu, si hivyo. Nikanyamaza. Nimemkimbia ngamia na sasa nimemkimbia mwenye ngamia.

Je, msamaha huu ni wangu? Nilimuuliza imamu wetu, nikamwambia nina rafiki yangu kapatwa na jambo. Akanambia huyo rafiki aje mwenyewe, na akanitazama kwa namna nisiyoipenda. Nilimuuliza Abdullatif, nikamweleza kila kitu. Alinuna kwanza kwa kuwa nilimficha, halafu akanambia Mungu ana sababu zake, nifunge mdomo, kwani nikisema nitamvunja moyo mzee na Thuwaini atarudisha mkono wake mfukoni na polisi hawako mbali. Mwisho nilimwambia Hamda. Alicheka, dada, alicheka kwa furaha kuwa si Ghaniya, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Akaniuliza ilikuwa siku ile ya sambusa? Nikasema ndiyo. Akanambia, kwa hiyo hata msamaha umeupata kwa bahati tu. Usiku ule alirudi chumbani na mto wake, ila alinigeuzia mgongo, na nilijua safari hii si wivu.

Ijumaa hii mzee katualika sote, mimi na Hamda na Jumana. Majirani watakuwepo. Ndama hajapewa jina mpaka leo, mzee anasema alikuwa anamngoja wa kumpa jina, na kamteua muungwana aliyeweka kikombe. Hebu fikiri, nisimame mbele ya watu wale nimpe jina mtoto wa Samha, kwa sifa ambayo si yangu.

Nilitaka kukuuliza nifanye nini, kama nilivyokuuliza maisha yangu yote. Lakini barua hii anaichukua mtoto wa jirani yetu Bi Wiam anayeruka kuja huko Jumatano, na hata ukijibu siku hiyo hiyo, Ijumaa itakuwa imeshapita. Kwa hiyo nimeamua mwenyewe, na huenda nimeamua vibaya. Nimemwomba Abdullatif aje nasi, na tukifika abaki nje, ajifanye anatazama gurudumu. Kanuna lakini kakubali. Nitaingia mwanzo, peke yangu. Mzee atanimiminia. Nitakiweka kikombe chini.

Nisalimie wajukuu mmoja mmoja kwa jina, na yule jirani mwenye duka umwambie samahani kwa simu ya dakika saba. Kaburi la Mama ukilizuru lipalilie upande wa kichwani, na umwambie adabu zake tunazifuata mpaka zinatuponza. Hamda anakuamkia na anasema aliyokwambia yote uyasahau, isipokuwa la ndevu. Utuombee dua, hasa Ijumaa baada ya sala, saa ambayo mimi nitakuwa mkekani, kahawa inapoa, nikingoja mzee aniulize haja yangu, na safari hii ninayo.

Mdogo wako akupendaye,
Nadhir